Wingu la Dakika Ishirini

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamka saa kumi na moja. Saa kumi na mbili kasoro robo nilikuwa nimeshasimama kwenye jiwe bapa, kamera juu ya miguu yake mitatu, kifuniko cha lenzi mfukoni. Korongo lote bluu. Majani meusi. Nikangoja jua. Likaja — likaja lote kwa mpigo! Maporomoko yetu yanatazama mashariki, kwa hiyo jua likichomoza linayapiga usoni moja kwa moja. Kwenye picha maji yameungua, meupe kama karatasi, na miamba ya pembeni imekuwa masizi.

Picha 31. Nzuri: 0.

Nijiandikie sababu, nisije nikazama kwenye lenzi nikaisahau. Tarehe 28 kamati ya maji inakaa kusikiliza watu. Kampuni ya bomba inataka kuyachukua maji juu ya maporomoko na kuyapeleka ng'ambo ya kilima. Shamba linalopakana na maporomoko ni letu, na bila sisi kukubali hawawezi kuanza. Mama hataki. Amesema kwa maneno hatuwezi kushindana nao, wana wasomi wao. Ila wale wa kamati hawajawahi kufika huku hata siku moja. "Wapelekee maporomoko mezani kwao," ameniambia. "Wayaone, halafu waseme yazibwe." Na kwenye fomu ya wawakilishi wa familia ameandikisha jina langu. Nimemaliza kidato cha nne, nasoma bila miwani, basi.

Kwa hiyo ni picha moja. Siku ishirini na nne.

Jumatano, 6 Agosti

Leo studio nilimwonyesha mjomba kazi ya siku mbili. Ni kaka yake mama na studio ni yake. Kwa miaka thelathini amepiga picha za vitambulisho, kumi na moja ya mwisho nikiwa naye. Akaangalia kwenye kompyuta. Akasogeza kiti nyuma. Akacheka mpaka akavua miwani.

— Mpwa wangu, haya maporomoko yanaomba pasipoti?

Kweli kabisa! Nimeyaweka katikati. Nafasi sawa juu, nafasi sawa kushoto na kulia. Yangekuwa na masikio ningehakikisha yanaonekana yote mawili. Ndiyo matokeo ya miaka kumi na moja ya "kidevu juu kidogo, usicheke, usipumue".

Mjomba akachora nyuma ya bahasha. Maporomoko yakae theluthi ya kulia. Kijito kiingie kutoka kona ya chini kushoto na mawe yake, jicho lipate pa kutembea kabla ya kufika kwenye maji. "Ukimwonyesha mtu kila kitu mara moja anaondoka. Mpe njia." Kisha akaniambia niache kumharibia betri.

Alhamisi, 7 Agosti

Kabla ya jua. Shata, ule mlango wa mwanga, wazi sekunde sita. Maji yametoka laini kama hariri, hayana hata tone, yanateremka tu. Nilifurahi peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani. Mama alikuwa anapalilia mchicha. Akafuta mikono, akaishika kamera mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena.

— Haya maziwa umeyatoa wapi?

— Ni maji, mama. Nimeacha shata wazi muda mrefu, ndiyo yanakuwa hivyo. Watu wanayapenda.

— Watu gani? Maji yetu yana nyuzi. Yakifika pale kwenye jiwe la pua yanagawanyika, yanaachana, halafu chini yanakutana tena. Hapa pua iko wapi? Umeyafunika shuka.

Nikasema anaangalia kioo kidogo. Akasema na mimi naangalia kidogo.

Hajakosea. Nyuzi zinahitaji nusu sekunde, isizidi. Lakini kabla ya jua nusu sekunde haitoshi, picha inakuwa giza. Nikipandisha usikivu wa kamera kwa mwanga, picha inajaa chenga, na hii lazima ichapwe kubwa. Baada ya jua kuna mwanga tele lakini unaunguza. Nikiweka kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, narudi kwenye maziwa. Kinachobaki ni kimoja: jua liwe limeshapanda na wingu liwe mbele yake. Wingu jembamba, jeupe, la kutandaza mwanga kila mahali sawasawa.

Agosti! Naomba wingu mwezi wa Agosti!

Jumapili, 10 Agosti

Mbingu safi kama sahani. Kila mtu anasifia hali ya hewa.

Nimekaa kwenye jiwe bapa kutoka saa kumi na mbili hadi saa nne. Sikupiga hata moja. Nimepima tu: kwenye ukuta wa mwamba maji yameacha alama ya unyevu upana wa kiganja kimoja. Yaani yanapungua. Kila siku ninayongojea wingu, cha kupigwa picha nacho kinapungua. Nashindwa kukaa, nashindwa kuondoka.

Saa tatu walipita watu watatu juu ya korongo, wamebeba utepe wa kupimia. Wa mbele kavaa fulana ya kazi ya rangi ya chungwa na viatu visivyojua matope. Akanipungia mkono kwa adabu. Nilipomsimulia mama akasema anamjua, alishakuja mara mbili kuuliza mipaka, na yeye humwita Bwana Kamba. "Anapima, anapima. Siku moja atajipima mwenyewe ajue hatoshi."

Jumanne, 12 Agosti

Jua.

Picha 0. Mjomba amesema nikichelewa tena studio atampiga picha mteja aliyesinzia aitundike dirishani kwa jina langu.

Alhamisi, 14 Agosti

NIMEPATA!

Niandike kwa utaratibu. Saa moja na dakika ishirini niliona wingu linatoka nyuma ya kilima. Si la mvua. Jeupe, pana, limechanika pembeni, linakwenda haraka. Nikakadiria dakika ishirini, labda pungufu. Kamera tayari, fremu nimeshaipanga kama kwenye bahasha ya mjomba: kijito kona ya kushoto, mawe matano, maporomoko kulia.

Na hapo hapo Bwana Kamba! Yeye na wenzake wawili, na vigingi vyao vyenye rangi nyekundu, vimesimama mstari mmoja katikati ya kijito changu. Katikati ya njia ya jicho! Hata sikujua wameingia saa ngapi, mimi macho yalikuwa mbinguni. Wingu likagusa jua. Mwanga ukatulia korongo zima, kama mtu kashusha sauti. Nikabonyeza, picha ikatoka chafu — vigingi, watu, na kile kioo cheusi nilichokijaribu jana sikuwa nimekitoa kwenye lenzi. Nilibonyeza huku napiga kelele, tafadhali jamani, nipisheni, dakika ishirini tu!

Bwana Kamba akaja hadi kwenye jiwe, anaruka maji asilowe. Mpole kuliko alivyohitajika kuwa. Akasema hamna shida dada, tunakupisha sasa hivi na vigingi tunaving'oa. Ila wewe si ndiye mwakilishi wa familia? Basi nimtilie sahihi hii hati, ya kuonyesha tu kwamba tumefika kwenu, ofisini wasije wakasema hatukufika. Nikaisoma juu: HATI YA KUFIKIWA. Jina la familia, namba ya shamba, tarehe. Nikatia sahihi juu ya goti. Palikuwa na nafasi ya saa, nikaandika na saa: 1:40. Sijui kuacha nafasi wazi.

Waling'oa vigingi, wakavilaza nyuma ya kichaka. Nikatoa kioo cheusi. Nusu sekunde. Picha kumi na nne kabla jua halijarudi, na ya kumi na mbili ndiyo yenyewe. Nyuzi zote zinaonekana. Jiwe la pua linang'aa kwa unyevu. Kijani ni kijani. Hakuna kitu kwenye fremu kisichotakiwa kuwepo.

Wingu la dakika ishirini! Nimeimba hadi kituo cha basi.

Ijumaa, 15 Agosti

Mjomba ameichapa ndogo kwanza, ya majaribio. Ameiangalia bila mzaha, na kwa mjomba hilo si jambo la kawaida. Akasema, "Sasa umepiga picha." Akarudi kumnyoosha mteja kola.

Mama ameishika kwa mikono miwili. Amekaa nayo. Nikangoja maziwa, nikangoja shuka. Akaweka kidole kwenye jiwe la pua akakiteremsha taratibu hadi pale nyuzi zinapokutana.

— Hapa ndipo nilipokuwa nakuogesha.

Basi. Lakini jioni nilimsikia kwa jirani, sauti juu, kwamba mwanawe amelingojea wingu siku kumi na moja kama anayengojea posa.

Jumapili, 17 Agosti

Mama anafanya mazoezi ya hotuba kwa kuku. "Waheshimiwa, hayo mnayoyaona si pambo." Anasimama, anakohoa, anaanza upya. Amekataa nisaidie kuibeba picha siku hiyo, ataibeba mwenyewe. Ameuliza mjomba ataichapa ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema iwe kubwa zaidi, kuna wazee kwenye kamati, wana macho ya Agano la Kale.

Nilipita kwenye kijito mchana. Vigingi vimerudi. Kila kimoja kina namba. Kampuni inayopima tu haipaki vigingi rangi na kuviandika namba — au ndivyo wanavyofanya? Sijui. Sijawahi kuwa mpima.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya juu bila sababu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda ofisi ya kamati kuuliza picha tuilete saa ngapi na kama kuna msumari wa kuitundikia. Karani ni mama mmoja wa makamo, kalamu mbili nyweleni. Akafungua jalada letu, akaangalia, akaniangalia.

— Mnaleta picha ya nini? Nyinyi si mmeshaafikiana?

Nikasema wapi, sisi ndio wapingaji. Akageuza jalada kwangu. Hati yangu. Mwandiko wangu, saa yangu, 1:40. HATI YA KUFIKIWA. Nikamwambia ndiyo, walifika, nikatia sahihi kwamba walifika. Akalamba kidole. Akaigeuza karatasi.

Nyuma: "Makubaliano yamefikiwa kati ya kampuni na familia iliyotajwa mbele, kwamba maji yote yatachukuliwa juu ya maporomoko, mwaka mzima."

Yamefikiwa. Makubaliano ndiyo yaliyofikiwa! Mimi nilisoma kwamba sisi ndio tuliofikiwa, kama mtu anavyofikiwa na mgeni. Nimesimama pale nikilisoma neno moja mpaka likapoteza maana. Karani hakuwa mkali. Alisema kikao kipo palepale, watasoma hati mbele ya watu, na mwenye jambo ataruhusiwa kusema. Akanipa nakala, pande zote mbili. Akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini sikugeuza.

Nilitaka kumwambia kulikuwa na wingu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekosea picha tatu za vitambulisho. Ya nne, nikamwambia mteja ageuze aandike jina lake nyuma, tusije tukachanganya. Kila siku nasema hivyo. Kila picha inayotoka kwenye ile studio naigeuza mimi kwa mkono wangu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemwambia mjomba. Tulikuwa tunakata picha, yeye kwenye kisu, mimi napanga. Aliacha kisu juu. Akasoma mbele, akasoma nyuma, akasoma mbele tena.

— Walikuhonga nini?

— Walitoka kwenye fremu.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema kidogo kidogo kwamba na yeye angeweza kufanya hivyo. Siku moja alimwacha bibi harusi juani mpaka akazimia kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Halafu akaukata mzaha: mama yako asilisikie hili kwa karani. Nani amwambie? Mimi. Lini? Leo.

Nilifika nyumbani saa kumi na mbili. Mama alikuwa amemwalika jirani kuiona picha. Wakaiona. Nikachemsha chai. Nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Jumapili, 24 Agosti

Mara mbili leo.

Ya kwanza nilianza vizuri. "Mama, kuna kitu kuhusu ile siku ya wingu." Akanikatiza, ndiyo, na yeye alitaka kuniuliza: niliomba kimoyomoyo au kwa sauti? Maana anataka kuwaambia wenzake wa kikundi cha akina mama.

Ya pili alikuwa anapiga pasi gauni la kikao. Nikasimama mlangoni. Akasema bila kugeuka, "Una nini wewe, unaingia unatoka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Nikasema natafuta chaja. Chaja ilikuwa mkononi.

Jumatatu, 25 Agosti

Nilikuwa nafuta memori kadi. Nafuta kila Jumatatu, picha mbovu zote, kwa mpangilio wa namba. Nikafika kwenye ile ya kwanza ya tarehe 14, ile chafu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Sikufuta.

Ni picha mbaya kweli. Kioo cheusi kilikuwa juu ya lenzi, kwa hiyo shata imekaa wazi sekunde sita. Maji ni maziwa. Wale wenzake wawili wamekuwa moshi tu. Bwana Kamba anaonekana nusu nusu: fulana ya chungwa, miguu miwili inayoanza mara mbili, na pa kichwa ni ukungu. Lakini vigingi havikutembea. Vigingi vimetoka vikali, wembe! Vinane, rangi nyekundu, namba zinasomeka mpaka ya mwisho. Na kamera ya studio ina saa sahihi, naiweka mwenyewe kila wiki. Saa moja na dakika thelathini na mbili.

Nikachukua nakala ya hati. Ukurasa wa mbele, mstari wa sita, nao sikuusoma siku ile: "Hakuna kigingi kitakachowekwa kabla ya makubaliano."

Dakika nane kabla. Walishaviweka. Walishaipanga njia ya bomba lao ndipo wakaja kuniomba sahihi!

Nimeinuka kwenye kiti nikakaa nikainuka. Mjomba akaniambia nichague moja.

Jumatano, 27 Agosti

Mjomba amechapa zote mbili. Nzuri imetoka kubwa, upana wa mikono iliyonyooshwa, imekwenda kwenye ubao. Mbaya ni ndogo, ya ukubwa wa daftari hili. Amesema ya pili inaweza kusaidia na inaweza isisaidie. Watasema vigingi vilikuwa vya majaribio. Watasema saa ya kamera inaweza kupangwa. Lakini ni kitu cha kushika mkononi. Ile nzuri, kasema, inaonyesha maporomoko mazuri ya familia iliyotia sahihi.

Nimeiangalia nzuri muda mrefu. Nimetafuta kama kuna hata ncha ya kigingi. Hakuna. Niliisafisha mwenyewe. Ushahidi wote niliuomba kwa adabu usogee nyuma ya kichaka.

Na nikiitoa ile mbaya lazima nieleze nilikuwa wapi saa 1:32 na nilifanya nini saa 1:40. Mbele ya watu wote. Mbele yake.

Jioni mama alikuwa amelala mapema, apumzishe sauti. Sikumwamsha. Najua. NAJUA.

Alhamisi, 28 Agosti. Ofisi ya kamati, ukumbini nje ya mlango

Tuko wa nne. Sasa wameingia wa pili. Benchi la mbao, ukuta nusu kijani nusu nyeupe, feni haizunguki. Naandika kwa sababu mikono haikubali kukaa.

Mama amekaa kulia kwangu, gauni lake la pasi, picha kubwa mapajani imewageukia watu. Kila anayepita anaonyeshwa. Mlinzi ameonyeshwa mara mbili. Mzee mmoja wa shamba la chini amesema anasikia baridi kwa kuiangalia tu. Mama amecheka kama msichana.

Kuna tangazo mlangoni, limebandikwa leo kwa gundi ambayo bado mbichi: KILA FAMILIA KIELELEZO KIMOJA TU. Nilimsomea mama. Akasema vizuri, si ndicho hiki. Akapiga ubao kwa kiganja.

Wametoka wa pili. Wameingia wa tatu. Bwana Kamba amepita na jalada kwapani, akatusalimia sisi kwanza kabla ya wengine. Shikamoo mama! Mama hakuitika. Mimi niliitikia, sijui kwa nini.

*

Nimemwambia.

Nilimwambia nikiangalia viatu. Wingu, vigingi, fremu, karatasi juu ya goti. Neno la kufikiwa. Kwamba sikugeuza. Sikusema nimedanganywa. Nilikuwa nimeliandaa hilo neno njia nzima kwenye basi, na nilipofika kwake halikutoka. Nilisema nilikuwa na haraka, mwanga ulikuwa unaondoka.

Mzee wa shamba la chini amesogea mwisho wa benchi, bila kuambiwa.

Kisha mama akanyoosha mkono. Nikamtolea ile ndogo. Sasa ameweka zote mbili mapajani, ile kubwa chini, ile ndogo juu yake. Amehesabu vigingi kwa ukucha, mpaka cha nane. Ameivuta karibu na jicho, ameisogeza mbali, na kidole kimesimama juu ya ile fulana ya chungwa.

— Huyu mbona hana uso?

— Alikuwa anatembea, mama. Shata ilikuwa wazi.

— Anakwenda wapi?

— Anatoka kwenye picha. Mimi ndiye niliyemwomba atoke.

Ameendelea kuangalia. Wa tatu wametoka. Karani amefungua mlango, kalamu mbili nyweleni, ametaja jina la familia yetu na kusema mwakilishi aingie na kielelezo chake. Kimoja.

Nimesimama. Mama hajasimama. Mikono yake iko juu ya picha, mmoja kwenye hii, mmoja kwenye hii.

Karani ametaja tena —